Mfumko umepungua, mbona bei hazishuki?

SWALI: Mhariri, tunaambiwa kwamba mfumko wa bei nchini Kenya umepungua sana tangu mwaka 2022. Mbona basi nauli na kodi ya nyumba zimebaki pale pale zilipopanda? Je, tunadanganywa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, hudanganywi. Mfumko ni kasi ya bei kupanda, wala si bei yenyewe. Oktoba 2022 kasi hiyo ilifika asilimia 9.6 kwa mwaka, na Oktoba 2024 ilikuwa asilimia 2.7, yaani bei ziliendelea kupanda, ila polepole, juu ya zile zilizokuwa zimekwisha kupanda.

Chanzo hakikuwa kimoja. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, vita vya Ukraine vikapandisha ngano, mbolea na mafuta, kisha shilingi ikadhoofika hadi dola moja ikagharimu takriban shilingi 160 Januari 2024. Katikati ya hayo, Julai 2023, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilitolewa asilimia 8 ikapelekwa 16, na kufikia Septemba lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200. Kwa kuwa viazi vya Molo hufika sokoni kwa lori, mzigo huo haukuishia kwenye kituo cha mafuta.

Bei zinazofuata mavuno na dola ziliweza kurudi nyuma. Pakiti ya unga ya kilo 2, iliyopita shilingi 200 mwaka 2022, ilishuka baada ya mvua nzuri na mbolea ya ruzuku. Nauli na kodi ya nyumba hazina msimu wa mavuno: mwenye matatu aliyenunua vipuri kwa bei ya juu na kukopa kwa riba iliyopanda hana haraka ya kupunguza, hasa abiria wakishazoea kulipa.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye mshahara wake haukusogea. Mama anayenunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, ya shilingi 20 leo na 20 kesho, mara nyingi huilipia kila lita bei ya juu kuliko mwenye uwezo wa kubeba mtungi mzima. Wastani wa taifa haumwonyeshi mama huyo, na kwa maoni yangu kila tangazo la mfumko lingepaswa kuambatana na takwimu za mishahara ya kipindi hicho hicho.