Kiini Kisijue Jina la Itifaki Yoyote

Nikikaa na vijana wa kompyuta hapa Chake Chake wanaotaka kuandika programu ya kuiga mtandao, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kiini cha programu kisijue jina la itifaki yoyote, yaani kanuni zozote ambazo kompyuta huzifuata zikiwasiliana. Ukifungua faili la kiini ukakutana na neno TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, litoe kwanza kabla hujaongeza kitu kingine.

Kiini kina kazi mbili, kutunza saa na kutunza foleni ya matukio. Kinachomoa tukio ambalo muda wake umekaribia zaidi, kinaisogeza saa mpaka hapo, kinaliendesha, kisha kinarudi kwenye foleni. Muda uhifadhini kwa nambari nzima za nanosekunde, msitumie desimali. Kwenye kompyuta 0.1 ukijumlisha na 0.2 haitoki 0.3 kamili, na pakiti (vifurushi vya data) mbili zilizotakiwa kufika pamoja zitapishana bila ya nyinyi kujua. Matukio mawili yakiwa na muda mmoja, litangulie lililopangwa mwanzo, kwa hiyo kila tukio lipeni nambari ya mfuatano. Hapo, mkitumia mbegu ile ile, yaani nambari ya kuanzishia nambari za bahati, jibu la leo na la mwezi ujao litakuwa moja. Bila ya hilo, kusaka kosa ni mateso matupu.

Njia ya mawasiliano nayo iwe na folda yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hupita kama kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kebo ya kilomita 70, karibu masafa ya Unguja na Dar es Salaam, inachelewesha kiasi cha milisekunde 0.35. Setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 inachelewesha karibu milisekunde 240 kwa kwenda tu, yaani kupanda na kushuka. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha mbili hizi abadilishe njia kwenye faili la mipangilio, asiiguse TCP hata mstari mmoja.

Itifaki, kila moja na folda yake: msimbo, majaribio, na mfano mdogo unaoendeshwa. ns-3, ambayo ni programu huria ya kuiga mtandao, imepangwa hivyo, na kazi za watu wa nje imeziwekea folda mbali iitwayo contrib. Isomeni kabla ya kubuni yenu. Na ndani ya TCP kwenyewe, utengeni udhibiti wa msongamano, yaani kupunguza kasi ya kutuma mtandao ukijaa. Reno na CUBIC, mbinu mbili za udhibiti huo, zote zinajibu maswali yale yale: nifanye nini uthibitisho kwamba pakiti imepokelewa ukifika, nifanye nini pakiti ikipotea? Anayekuja na mbinu mpya ajibu hayo tu.

Kujua kama mpangilio umesimama, futa folda ya itifaki moja ambayo nyengine haziitegemei, ujenge programu upya. Isipojengeka, kuna waya umepita pasipo mahala pake.

Wanaoanza, andikeni kiini na njia, halafu itifaki ndogo inayotuma pakiti moja na kungoja uthibitisho ndipo itume nyengine. Iendesheni kwenye njia ya setilaiti. Lazima itoe kama pakiti mbili kwa sekunde. Ikitoa kumi, rudini kwenye folda ya njia mtazame ucheleweshaji mmeuhesabu wapi.