Podikasti za kesi za jinai visiwani: mmeuliza, tunajibu

Nikimbadilisha shahidi jina, si inatosha? (Wete)
Haitoshi, ndugu yetu. Ukisema "mwalimu mjane, anakaa nyuma ya soko", Wete nzima ishamjua. Chukua mswada, pigia mstari kila kinachomhusu: kazi, mtaa, umri, jamaa. Bakisha kile tu ambacho kisa hakiendi bila yake, kisha msomee mwenyewe; yeye ndiye ajuaye majirani watamtambua kwa lipi. Kuishusha sauti yake kwa programu nako hakufai: huweza kurudishwa ilivyokuwa, na mkato wa maneno haubadiliki. Mpe mwengine asome maneno yake, na useme wazi kwamba yamesomwa. Kesi ya udhalilishaji wa mtoto ndiyo nzito zaidi. Ukimtaja baba aliyeshitakiwa, mtoto ushamtaja.

Taarifa za kuaminika nizipate wapi? (Mwanakwerekwe)
Anza na hukumu, si maneno ya barazani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania husikiliza rufaa za jinai kutoka Zanzibar, na hukumu zake nyingi zimo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Wengi hujikwaa hapa: kurasa za mwanzo husimulia ushahidi kama upande wa mashitaka ulivyoueleza. Huo si uamuzi. Mbele huko majaji wanaweza kuutupa ushahidi huohuo, hasa utambuzi wa usiku. Tangu kesi ya Waziri Amani, 1980, mahakama hiyo hutaka ielezwe shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na kama alikuwa akimjua kabla. Basi soma mpaka mwisho.

Mjane wa marehemu nimwendee lini? (Chake Chake)
Akiwa ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, usibishe hodi. Baadaye pitia kwa mkubwa wa familia, na umwachie nafasi ya kukataa. Akikubali, mwambie kipindi kitatoka tarehe gani, asije akakisikia dukani kwenye simu ya mtu.

Hukumu ishatoka. Naweza kumwita muuaji? (Nungwi)
Sema "aliyetiwa hatiani", na utaje tarehe uliyorekodi. Kule Baltimore, Marekani, Adnan Syed, yule wa podikasti ya Serial, alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2000; 2022 hatia hiyo ikafutwa, 2023 ikarudishwa.

Chumba changu Mji Mkongwe kinavuma. (Shangani)
Kuta za mawe na chokaa hurudisha sauti. Tundika mablanketi mbele na nyuma yako, zima feni, weka maiki kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni, na urekodi baina ya adhana na adhana. Wafiwa lakini wahoji kwao, walipozoea. Mwangwi kidogo si kitu.