Saratani ya damu ikirudi, ulizia utafiti siku hiyo hiyo

Wiki iliyopita binti mmoja anayeishi Milton Keynes, hapa Uingereza, aliniandikia. Baba yake ana mailoma, ile saratani ya damu inayokaa kwenye uboho na kuila mifupa. Dawa za mwanzo zilimsaidia, akapandikizwa seli zake mwenyewe, akapumzika, na sasa ugonjwa umerudi mara ya tatu. Daktari ametaja utafiti wa awamu ya kwanza na nyumba imegawanyika. "Mjomba," ananiuliza, "wewe ulikubali. Ulijuaje kama hawakufanyi panya wa maabara?"

Sikujua, binti. Nilichonacho ni kwamba miaka imepita, protini ya mailoma imeshuka hadi vipimo haviioni, na mwezi jana nimeendesha gari kutoka London hadi Leicester harusini na kurudi usiku huo huo. Wale walionisema kwamba nimejiuza kwa Wazungu walikuwepo ukumbini. Niliwapa mkono wote, mmoja mmoja.

Kabla hujamshauri mzee, elewa jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Awamu ya kwanza haipo kwa ajili ya kuthibitisha kwamba dawa inatibu. Inatafuta dozi: kiasi gani mwili wa binadamu unaweza kuhimili. Mtindo wa zamani, ambao bado unatumika, ni wa watu watatu watatu. Watatu wanapewa dozi ndogo. Wakiivumilia, watatu wengine wanapewa kubwa kidogo. Mmoja akipata madhara makali, wanaongezwa watatu kwenye dozi ileile. Wakifika wawili, hapapandwi tena. Kwa hiyo muulizeni daktari: mzee anaingia ngazi ya ngapi, na waliotangulia yamewapata yapi? Wa mwanzo wanaweza kupewa dozi ndogo isiyofanya lolote. Wa mwisho ndio wanaokutana na madhara makubwa. Mimi niliingia katikati, na nilijua hivyo kwa sababu niliuliza.

Kupanda polepole kuna sababu. Dawa ya venetoklaksi ilipoanza kujaribiwa mwaka 2011 kwa watu ambao lukemia au limfoma yao (nazo ni saratani za damu) ilikuwa imerudi, iliziua seli za saratani kwa kasi hadi mabaki yake yakafurika kwenye damu, na kuna wagonjwa walifariki. Dawa haikutupwa. Kilichobadilishwa ni namna ya kuianza kwa wenye lukemia sugu ya limfositi: miligramu 20 wiki ya kwanza, kisha 50, 100, 200, hadi 400. Leo wanaoimeza wanalindwa na yale yaliyowapata wale.

Upande wa pili watu hunitajia dawa ya imatinibu, iliyofanya maajabu. Ni kweli, Juni 1998 Brian Druker na wenzake huko Marekani walianza kuwapa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi waliokuwa wameshindikana kwa interferoni, dawa ya wakati ule, na kati ya 54 waliopata miligramu 300 au zaidi, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kawaida. Baadaye dawa hiyo ikawafikia bure wagonjwa wetu pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini usiingie nayo kwenye chumba cha kusaini ridhaa. Imatinibu ilikuwa bahati ya aina yake, na dawa nyingi zinazoingia awamu ya kwanza hazifiki hata duka la dawa.

Sasa nikueleze yaliyonipata, maana hapa ndipo bado panauma.

Nafasi yangu ya kwanza niliikosa kwa sababu ya namba moja. Utafiti ulitaka nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, zisipungue 1.5. Mimi nilikuwa na 1.2. Nilikuwa hivyo tangu napimwa afya kazini kwenye mabasi, kabla sijalisikia neno mailoma. Nikawaambia. Kijana mmoja akanijibu kwenye korido, amesimama, kwamba sharti ni sharti, akaondoka na jalada langu. Hospitali siitaji.

Kwenye hospitali nyingine daktari aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: kundi langu la damu la Duffy ni lipi? Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna protini ya Duffy juu ya chembe nyekundu. Kimelea cha malaria ya vivax huitegemea hiyo kuingia ndani ya chembe, basi wazee wetu waliokuwa hawana walinusurika. Na mtu asiye nayo mara nyingi huwa na nyutrofili chache kwenye damu bila kuumwa chochote. Akanipima, ikawa hivyo, akaandika barua. Utafiti wa pili kiwango chake kilikuwa 1.0, nikaingia.

Fikiria basi. Marekani mailoma inawapata watu weusi karibu mara mbili ya weupe, ilhali kwenye tafiti za dawa zake weusi ni wachache kuliko sehemu yao ya wagonjwa. Wengine tunakataa wenyewe kwa uoga, na wengine tunazuiwa na sharti lililopimwa kwa damu isiyo yetu. Mzee akiambiwa nyutrofili ni chache, msiage. Ombeni kipimo cha Duffy. Inawezekana ni ugonjwa au dawa za zamani ndizo zimezishusha, lakini hilo lijulikane kwa kipimo, si kwa kukisia kwenye korido.

Dawa yangu wakati huo haikuwa na jina, ilikuwa na herufi na namba. Ilikuwa kingamwili ya mikono miwili: mmoja unaikamata seli ya mailoma, mwingine unaikamata seli ya T ya kinga yako, zinakutanishwa uso kwa uso. Dozi za mwanzo unalazwa. Usiku nikapata homa na kutetemeka hadi kitanda kikapiga kelele, presha ikashuka, wakanipa tosilizumabu. Hiyo ni dawa ya baridi yabisi. Matumizi yake kwenye hali hii, kinga inapolipuka kupita kiasi, yalijulikana sana baada ya kumwokoa mtoto Emily Whitehead kule Philadelphia mwaka 2012. Kila siku muuguzi alinitaka nihesabu kurudi nyuma kutoka mia, kumi kumi, na niandike sentensi moja, ili waone kama ubongo umeguswa. Niliandika kila mara, "Leo nataka chapati za maji." Siku nyingine niliandika kwa mwandiko wa mlevi, wakaja mbio.

Miezi iliyofuata ni sindano, kutolewa damu na vikohozi. Kinga inashuka kwelikweli, hadi leo naongezewa kingamwili kwa dripu.

Kinachowaponza watu wetu ni kuchelewa. Wanamaliza dawa zote, wanamaliza maombi na mitishamba, ndipo wanauliza utafiti, na wakati huo figo zimechoka, chembe sahani zinazogandisha damu zimekwisha, mtu hatoki kitandani. Masharti ya kuingia yanaangalia hayo hayo. Pia lazima upite muda fulani tangu dawa ya mwisho, na mailoma haimsubiri mtu. Siku ile ile daktari anaposema ugonjwa umerudi, uliza. Mitishamba itajeni yote, kwa jina.

Walioko nyumbani: utafiti halali Tanzania una kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ombeni kuviona. Anayekutoza hela ili akuingize, mkimbieni.

Na binti, ujumbe wako mrefu hauna hata mstari unaosema mzee mwenyewe anataka nini. Ridhaa ni yake, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu mengine. Usimtafsirie wewe ile fomu. Ukifika kwenye ukurasa wa vifo utauruka, nakujua bila kukujua. Hospitali za huku zina wakalimani wa Kiswahili, bure, ila aombwe mapema. Ukisubiri asubuhi ya miadi utaambiwa hayupo.