Densiti ya plazma ya argoni kugoma kupanda: angalia gesi kabla ya kulaumu antena

Mkuu, umesema chanzo chako cha helikoni (kinachotengeneza plazma, yaani gesi iliyogawanyika kuwa ioni na elektroni, kwa mawimbi ya redio ndani ya uga sumaku; argoni, 13.56 MHz, bomba la kipenyo cha sm 10, uga sumaku wa tesla 0.05) kinafika densiti ya elektroni 10¹⁹ kwa mita ya ujazo kisha kinagoma hata ukiongeza wati, na geji ya kanieneo bado inasoma paskali 0.13. Kwanza soma nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Kama haijapanda, yaelekea antena haina kosa. Pengine gesi imekwisha katikati ya bomba.

Piga hesabu. Paskali 0.13 kwenye joto la chumba ni atomu kama 3 × 10¹⁹ kwa mita ya ujazo, na plazma yako yenye elektroni za joto la elektroni-volti 3 ina kanieneo ya karibu paskali 5 peke yake. Kuelekea ukutani uga sumaku unaizuia bila shida, maana tesla 0.05 ni sawa na paskali 1000 hivi. Kufuata mistari ya uga hakuna kinachoizuia, na atomu zisizo na chaji hazishikwi na sumaku popote.

Tatizo kubwa liko kwenye matumizi. Kila ncha ya bomba inatoa ioni zipatazo 10²⁰ kwa sekunde. Mtiririko wa sentimita 20 za ujazo za kawaida kwa dakika unaleta atomu 9 × 10¹⁸ tu kwa sekunde! Maana yake plazma inaishi kwa atomu zinazorudi: ioni inagonga bamba la mwisho (lililoko kwenye ncha ya bomba), inapata elektroni, inarudi kama atomu. Ncha ikifungukia kwenye chemba kubwa, atomu hizo zinatawanyika humo na kuchelewa kurudi.

Atomu zinazotoka ukutani nazo hazifiki mbali. Atomu ya argoni inakwenda kama mita 400 kwa sekunde. Elektroni zikiwa na elektroni-volti 3 inasafiri karibu sm 30 kabla ya kugeuzwa ioni, zikifika 4 inasafiri sm 6 tu. Gesi ikipungua, elektroni hupanda joto ili plazma iendelee kujilisha, na kiini, yaani katikati ya plazma, kinazidi kukauka. Juu ya hapo, ioni zinabadilishana chaji na atomu na kuzipasha joto, hivyo kwa kanieneo ileile atomu zinakuwa chache zaidi.

Geji haikwambii haya kwa sababu iko nje ya plazma. Ukiiunga kwa mrija wa kipenyo cha sm 1 na urefu wa sm 50, argoni inapita lita 0.2 tu kwa sekunde. Geji yenye ujazo wa lita 0.1 inachelewa nusu sekunde. Geji ya Pirani (inayopima kwa jinsi gesi inavyopoza waya wa moto) iliyopimiwa nitrojeni inasoma chini kwenye argoni, zidisha kwa 1.6 hivi. Geji ya ioni yenye filamenti ya moto inasoma juu, gawa kwa 1.3, na uiweke mbali na koili za sumaku kwani uga unapinda njia za elektroni zake. Mimi ningetumia geji ya kapasitansi (inayopima kupinda kwa kiwambo).

Kuthibitisha, washa kwa mapigo ya milisekunde 20 na ufuatilie mkondo wa ioni kwenye probu ya Langmuir (waya mdogo unaoingizwa ndani ya plazma). Ukipanda mwanzoni kisha ukashuka huku nguvu haijabadilika, ni gesi. Rudia ukibadilisha muda wa kuzima kati ya mapigo: milisekunde 5, 50, 500. Kilele kikirudi kadiri muda unavyoongezeka, umeona bomba likijaa upya. Angalia pia mwanga. Mstari wa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nm 750.4 ni wa atomu, nm 488.0 ni wa ioni. Kiini cha bluu kikali ni dalili, lakini ugawe mwanga wa 750.4 kwa densiti ya elektroni kabla ya kusema atomu zimepungua, na ukumbuke kwamba joto la elektroni likipanda huo mwanga unaongezeka wenyewe.

Tiba: ongeza mtiririko na kasi ya pampu pamoja, usikabe vali ya pampu ili tu geji isome vizuri. Ingiza gesi kwa matundu kadhaa kuzunguka ukuta, karibu na sehemu unayotaka plazma iwe nene. Kisha sogeza bamba la mwisho karibu, sm chache kila mara, ukipima tena kila hatua. Likikaribia mno antena, litaanza kula nguvu yake.