Rescue 116 haikuzimika injini

Kwa wanaouliza kama Rescue 116 iliangushwa na injini kuzimika au na dhoruba: hapana, si injini wala dhoruba. Rescue 116, helikopta ya walinzi wa pwani wa Ireland, iligonga kisiwa cha Blackrock, kaunti ya Mayo, usiku wa manane tarehe 14 Machi 2017, ikiwa nzima. Nimeisoma ripoti ya wachunguzi iliyotoka Novemba 2021. Walikuwa wakiruka futi 200 juu ya bahari kwenda kujaza mafuta Blacksod, kwenye pwani ya Mayo, na kilele cha Blackrock kina futi 282. Kisiwa hicho hakikuwamo kwenye kumbukumbu za kile kifaa kinachowaonya marubani kwamba mbele kuna ardhi, kwa hiyo hakikulia. Na njia waliyokuwa wakiifuata ilianzia Blackrock penyewe! Mwenzao aliyekaa nyuma kwenye kamera ya joto ndiye aliyekiona, akawaambia wageuke kulia. Zilibaki sekunde 13 hivi. Kila nikifika hapo naumia.

Walikufa wote wanne: Dara Fitzpatrick, Mark Duffy, Paul Ormsby na Ciarán Smith. Miili ya Ormsby na Smith haikupatikana.

Ila si kweli, kama wengine wanavyosema, kwamba wao ndio waliokuwa wanakwenda kumbeba mvuvi aliyeumia baharini usiku ule. Hiyo ilikuwa kazi ya helikopta nyingine, Rescue 118 ya Sligo. Hii 116 ilitumwa kuisindikiza na kushika mawasiliano, maana meli ya yule mvuvi ilikuwa mbali sana baharini.