Maswali na majibu: depo, daftari na ordinatere

Nina depo mbili za unga wa mahindi karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mwanangu anataka ninunue ordinatere (kompyuta) na programu ya stoki. Itanisaidia? (Mama, Lubumbashi)

Mama, jioni ya leo unaweza kujua mifuko iliyobaki katika kila depo bila kupigia vijana simu? Kama huwezi, anza na daftari. Andika iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na kila mauzo kama yalilipwa kwa franka au dola, pamoja na kiwango cha dola cha siku ile. Hapo ndipo faida nyingi zinapopotelea, maana unga ulionunuliwa kwa dola unauzwa kwa franka.

Mkizoea kuandika kila siku, kwa mwezi mzima, nunueni programu. Chagueni inayofanya kazi kwenye simu hata intaneti ikikosekana, kwa sababu umeme utakatika.

Tumeweka mfumo mpya wa stoki kwenye ordinatere katika depo yetu ya vipuri vya malori, Kampemba. Mkuu wa depo, mzee wa siku nyingi, anakataa kuutumia. Tumwachishe kazi?

Hapana, tafadhali. Zamani mteja akitafuta filta alimwuliza yeye. Patron akitaka kujua kilichobaki alimwuliza yeye. Heshima yake ilitokana na kile alichokuwa nacho kichwani. Sasa kijana wa mauzo anaona stoki yote kwenye skrini bila kumpitia, na sidhani kuna aliyemweleza mzee atabaki na kazi gani. Mfumo wa taarifa huhamisha uwezo wa kuamua kutoka mkono huu kwenda mkono ule, hata kama aliyeununua alitaka tu hesabu safi.

Mwiteni mkae naye. Yeye ndiye athibitishe hesabu kila Jumamosi, na namba yoyote isibadilishwe bila idhini yake. Kama herufi ndogo zinamsumbua macho, mpeni kijana wa kumwandikia. Kisha msikilizeni: anajua kwamba kipuri kimoja hapa mjini kina majina matatu. Niliwahi kuona depo ikiagiza mzigo kutoka Durban, ukapita mpakani Kasumbalesa, ukalipiwa ushuru, kumbe bidhaa ileile imejaa rafu ya nyuma kwa jina lingine. Mzee kama huyo angewaambia mapema.

Profesa anasema mfumo wa taarifa unaweza kuwa silaha ya biashara. Nipe mfano wa kweli. (Mwanafunzi, Katuba)

Soma habari za SABRE, mfumo wa kukata tiketi wa shirika la ndege la American Airlines. Kuanzia 1976 shirika hilo liliweka mashine zake katika ofisi za mawakala wa safari huko Marekani. Wakala alipotafuta ndege, safari za American zilitangulia kwenye skrini, na wakala mwenye haraka huchagua za juu. Washindani walilalamika, na mwaka 1984 sheria ikakataza upendeleo huo. Ndege hazikubadilika, wala bei haikuhitaji kushuka. Mwenye skrini ndiye aliyepanga mteja aone nini kwanza. Ukiandika mtihani, eleza jambo hilo kabla ya kutaja mashine.

Ofisini wote watano tunatumia neno la siri moja kuingia kwenye mfumo. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Pesa ikipungua, mtashukiwa wote watano, na asiye na kosa hatakuwa na cha kujitetea. Kesho asubuhi kila mtu apewe lake.