Mbegu tumetia, mbona bado tunavuna vumbi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwendesha mtambo wa zamu ya usiku katika kiwanda cha kemikali. Tunatengeneza fuwele kwa kupoza mmumunyo kutoka nyuzi 60 hadi 20 ndani ya tangi la lita 1,000, na tunatia mbegu, yaani fuwele ndogo za bidhaa ileile, kama maabara walivyotuelekeza. Wao katika chombo cha lita 1 walipata fuwele safi zinazolingana. Sisi tunapata chembe chache kubwa zilizozama katika vumbi, na kuchuja kunakula zamu nzima. Msimamizi anataka tuongeze kasi ya kikorogeo, mwenzangu anataka tuongeze mbegu. Nimsikilize nani?
Msomaji wa zamu ya usiku

JIBU: Marahaba. Kabla hujamsikiliza yeyote, leo usiku chukua tochi usimame kwenye kidirisha cha tangi. Andika ukungu wa kwanza umeonekana kwenye nyuzi ngapi, na kama wakati huo mbegu zilikuwa zimeshatiwa. Vumbi hilo lina chanzo zaidi ya kimoja, na dawa ya kimoja yaweza kukichochea kingine.

Mmumunyo ukipozwa hufika mahali umeshiba. Ukiendelea kuupoza unavimbiwa: umebeba kupita uwezo wake, ila kwa muda unavumilia bila kutoa fuwele. Mwaka 1897 mwanakemia Wilhelm Ostwald aliiita hali hiyo metastabo. Mimi nimezoea kuiita ukanda wa subira. Ukiuvuka, fuwele huzaliwa kwa mkupuo, nyingi mno, zote zikigombea mzigo uleule, na hakuna inayopata wa kutosha kukua. Kazi ya mbegu ni kuupa mzigo huo pa kutua kabla subira haijakatika.

Kwa hiyo ukungu ukitangulia mbegu, mbegu zimechelewa. Tuseme mmumunyo wenu unashiba kwenye nyuzi 58, na ukiachwa bila mbegu unaingia ukungu kwenye 52. Mimi ningetia mbegu kwenye 56, kisha nikalishikilia joto hapo kwa saa moja kabla ya kuendelea. Kwenye 59 zingeyeyuka. Ukanda huo upimeni katika tangi lenyewe, maana upana wake hubadilika kwa kasi ya kupoza, kwa mkorogo na kwa uchafu uliomo.

Ukungu ukifuata dakika chache tu baada ya mbegu, zichunguze mbegu zenyewe. Nilifanya kazi mahali ambapo zilisagwa na kuwekwa kwenye mfuko. Usiku mmoja nilizimimina kavu, kwenye joto sahihi kabisa, na muda si muda tangi likawa jeupe kama maziwa. Mbegu iliyosagwa hubeba unga uliong'ang'ania usoni mwake, na kila punje ya unga huo inageuka kuwa fuwele. Tangu siku ile sijatia mbegu kavu. Nazichekecha, naziloweka katika mmumunyo ulioshiba huku zikikorogwa polepole hadi unga umalizike, kisha namimina uji huo.

Kuhusu wingi, mwenzako ana hoja, ila apige hesabu. Mbegu ya maikroni 50 (maikroni 1,000 ni milimita moja) ikikua hadi 500, upana umeongezeka mara 10 na uzito mara 1,000. Maana yake kilo 1 ya mbegu ingetosha kwa tani nzima ya fuwele, kama hakuna fuwele nyingine inayozaliwa. Lakini huzaliwa, kwa hiyo watu huongeza. Mkitia kilo 10 za ukubwa uleule kwa kila tani, uso wa kupokea mzigo unakuwa mpana na vumbi linapungua, ila fuwele zitaishia karibu na maikroni 230. Mkitaka 500 kwa kilo 10, mbegu zianzie maikroni 110 hivi.

Mbegu zichukuliwe kwenye mzunguko wa uzalishaji uliopimwa maabara, kwa sababu mbegu hurithisha umbo, yaani mpangilio wa ndani wa fuwele. Mwaka 1998 dawa ya ritonavir ilijitokeza katika umbo jipya la fuwele, gumu zaidi kuyeyuka, na kapsuli zake ikabidi ziondolewe sokoni. Jambo hili si la kuchezea.

Sasa msimamizi wako. Hapa sikubaliani naye. Tuseme panga la kikorogeo cha maabara lina kipenyo cha sentimita 5; likizunguka mara 300 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 0.8 kwa sekunde. Panga lenu likiwa la sentimita 50, kwa mizunguko hiyohiyo, ncha inakwenda karibu mita 8, na nguvu inayoingia katika kila lita ni mara 100. Fuwele zikigongwa hivyo humeguka kona, na kila kipande kinaanza maisha yake. Dalili yake ni vumbi linaloongezeka kidogo kidogo saa nyingi baada ya mbegu, fuwele zikiwa zimekua. Ili nguvu kwa lita ilingane na ya maabara, mnahitaji mizunguko 65 hivi tu kwa dakika.

Msishuke ovyo, hata hivyo. Mkorogo dhaifu huacha fuwele zimelala chini, na mmumunyo unaogusa ukuta wa jaketi, lile ganda la nje la tangi linalopita maji ya kupoza, unapoa kuliko wa katikati. Hapo ndipo magaga ya fuwele hushika ukutani na fuwele mpya kuzaliwa. Kipimo cha mtafiti Zwietering cha mwaka 1958 bado ndicho ninachokitumia: fuwele isitulie sakafuni zaidi ya sekunde moja au mbili. Tafuteni mizunguko inayofikisha hapo, mpandishe kidogo, mwishie hapo. Maji ya jaketi nayo yasiwe baridi mno kuliko mmumunyo.

Na upozeni mmumunyo taratibu mwanzoni, wakati mbegu bado ni ndogo na uso wao mchache. Kwa mwendo ninaoupenda, nusu ya muda ikipita joto limeshuka nyuzi 5 tu, kutoka 60 hadi 55. Zile 35 zilizobaki hushuka katika nusu ya pili, fuwele zikiwa kubwa na zenye uwezo wa kupokea.

Badilisheni kitu kimoja kila mzunguko wa uzalishaji, na muanze na joto la kutia mbegu. Ukishapata joto la ukungu, niandikie, pamoja na kipenyo halisi cha panga lenu na mizunguko yake kwa dakika.